Nilichapa saba, mwalimu mkuu anataka niandike nne

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kanda ya Ziwa, huu ni mwaka wa tatu tangu niajiriwe. Nafundisha Hisabati darasa la tano na la sita. La sita lina wanafunzi 83 kwenye chumba kimoja, na hali ya madawati naamini unaijua.

Nilipofika nilikuta utaratibu: swali moja ulilokosa, fimbo moja. Aliyenitangulia alifundisha hivyo na matokeo yake yakasifiwa hadi wilayani. Kwenye kikao cha wazazi mwaka jana wazazi wenyewe walisimama wakasema, "Walimu, chapeni, ruhusa tumewapa." Nikaendelea.

Ijumaa ya kufunga shule kwa mapumziko nilitoa jaribio la maswali kumi ya sehemu. Nilisahihisha palepale, wakapanga mstari mbele ya ubao. Kijana mmoja wa miaka 12 alikosa saba. Si mtundu, ni mpole, anakaa nyuma kabisa. Alinyoosha mkono nikachapa moja, mbili, tatu, nne. Ya tano akauvuta mkono, fimbo ikampata kwenye kifundo. Nikaona ananichezea. Nilimshika vidole nikamalizia mbili. Nakuandikia kama ilivyokuwa, sijapunguza.

Kesho yake mama alimpeleka zahanati mkono umevimba. Wakaelekezwa kituo cha afya, akapigwa picha, mfupa umepata ufa, kafungwa hogo. Nesi aliuliza kama mtoto kapigwa, maana kama kapigwa inatakiwa PF3, fomu ya majeruhi, kutoka polisi. Mama anauza dagaa mwaloni, polisi ni mbali na mtoto alikuwa analia. Akasema kaanguka. Jioni akaenda nyumbani kwa mwalimu mkuu.

Jumatatu mwalimu mkuu akaniita. Ni mtu mwema kwangu, nisimseme vibaya. Nilipoajiriwa ndiye aliyenikopesha kodi ya chumba kabla mshahara wa kwanza haujatoka. Akafungua kabati akatoa daftari la adhabu. Mara ya mwisho liliandikwa mwaka juzi. Akaniambia, "Andika jina la mtoto, tarehe ya Ijumaa, kosa utovu wa nidhamu, viboko vinne. Mimi naweka saini, na barua ya kukuruhusu kuchapa nakuandikia kwa tarehe ya Januari. Vinne ni ndani ya sheria, hakuna wa kukugusa." Kisha nimpe mama laki moja na nusu, shule iongeze hamsini, yaishe.

Sijasaini. Nimemwambia nafikiria, amenipa mpaka Jumatatu ya kufungua shule. Walimu wenzangu wawili niliowaeleza wananiambia nisaini, nisiwe mtoto. Nina mkopo benki na wadogo zangu wawili wako chuo. Mama hajaichukua pesa. Alimuuliza mwalimu mkuu neno moja tu: mwanangu alikosa nini?

Nisaini? Na nisiposaini, ndiyo nimeshafukuzwa kazi?

Mwalimu wa Hisabati

*

Marahaba, mwanangu.

Usisaini. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua utalitafuta kabla ya kusoma mengine. Sasa kaa kitako, maana mengine hayatakufurahisha.

Barua yako ina maneno niliyoyarudia mara tatu: "Nilimshika vidole nikamalizia mbili." Nimechapa watoto miaka mingi, nimestaafu nikiwa mwalimu mkuu, sina haki ya kukutazama kwa juu. Lakini zile tano za kwanza unaweza kusema ni mazoea uliyoyarithi. Hizo mbili hukurithi kwa mtu. Ulikuwa umeshaona fimbo imeangukia mfupa, na mkono ulivutwa kama mkono wowote unaouma unavyovutwa. Ukasema unachezewa. Hasira hiyo naijua. Huwa haitoki kwa mtoto aliye mbele yako; hutoka kwenye wiki tatu za kufundisha sehemu darasa la watu 83, kisha unasahihisha unakuta hawajaelewa. Ukiulizwa siku moja na mtu mwenye haki ya kukuuliza, hapo ndipo patakapoulizwa, kwa hiyo zoea kupatazama mwenyewe kwanza.

Twende kwenye sheria. Mwalimu mkuu wako amekushikisha namba nne kana kwamba kanuni nzima ni hesabu. Kanuni yenyewe ni ya adhabu ya viboko chini ya Sheria ya Elimu, Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002. Kweli inasema visizidi vinne kwa tukio. Ila inasema na haya. Mwenye mamlaka ya kuchapa ni mkuu wa shule. Anaweza kumkasimu mwalimu kwa maandishi, na hata aliyekasimiwa hachapi mpaka mkuu aidhinishe tukio hilohilo. Barua moja ya Januari ya kuchapa mwaka mzima, hata ingekuwa ya kweli, isingetosha. Fimbo iwe nyepesi, viganjani au makalioni juu ya nguo. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Itazamwe umri wa mtoto, jinsia na afya yake. Na viboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, au makosa mazito yanayoweza kuichafua shule.

Hilo la mwisho ndilo linalokuangusha kabla hata hatujaanza kuhesabu. Kukosa swali la sehemu si kosa la nidhamu, liwe dogo au kubwa. Ungechapa kimoja tu kwa sababu hiyo ungekuwa nje ya kanuni. Utaratibu wa swali moja fimbo moja umeenea nchi nzima na umesifiwa sana, nami nimeutumia, na hauna hata mstari mmoja wa kanuni unaouunga mkono.

Ndiyo maana nafasi ya kosa kwenye daftari inanisumbua kuliko nafasi ya idadi. Kanuni inataka daftari lionyeshe jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa, halafu mkuu aweke saini. Mwalimu mkuu hawezi kukwambia uandike "alikosa maswali saba", kwa sababu maneno hayo yanawashtaki nyote wawili. Kwa hiyo anakutaka uandike utovu wa nidhamu. Mwanangu, unaona mnachomfanyia huyo mtoto? Ulisema mwenyewe kuwa ni mpole, anakaa nyuma. Ameshavunjwa mkono, na sasa aandikwe mtovu wa nidhamu kwenye kitabu cha serikali ili nyinyi mpone. Mama aliuliza mwanawe alikosa nini. Mnakaribia kumjibu kwa wino, na jibu ni uongo.

La wazazi kuwapa ruhusa nilipite haraka. Mzazi hana ruhusa ya kukupa usiyopewa na kanuni. Kikao kingepiga makofi mpaka jioni, vinne visingekuwa saba.

Sasa tuache uadilifu kidogo tuulize kama uongo huo utasimama. Wewe ni mtu wa Hisabati. Daftari lina kimya cha zaidi ya mwaka mmoja, kisha linaamka ghafla kwa mtoto mmoja, siku moja, na ndiye aliyefungwa hogo. Mbele ya ubao siku ile kulikuwa na watoto 83, wengi wao nao wamechapwa, na hakuna hata mmoja wao aliyemo daftarini. Mtoto wa darasa la sita anayehesabu fimbo za mwenzake huku akingoja zake hasahau idadi. Afisa wa ustawi wa jamii akiwauliza watatu tu, kila mmoja peke yake, kazi imekwisha.

Na hapo makosa yatakuwa yameongezeka. La kwanza ulilifanya kwa hasira mbele ya darasa, la pili mngelifanya ofisini kwa utulivu, mlango umefungwa. Mawakili wanaweza kubishana kama kurudisha nyuma tarehe ya barua ile ni kughushi kwa maana ya Kanuni ya Adhabu, ambako kughushi kunaweza kumfikisha mtu kifungo cha miaka saba. Usiwe wewe unayebishaniwa.

Nami nina la kukiri hapa. Zamani, nikiwa msaidizi katika shule moja, tulikuwa tukisikia wakaguzi wanakuja (siku hizi mnawaita wathibiti ubora), tunalijaza daftari la adhabu usiku kucha, kalamu tatu za rangi tofauti ili lionekane la kila mwezi. Tulicheka sana usiku ule. Hakuna mtoto aliyekuwa ameumia, ndiyo sababu tulicheka.

Sitakuficha hatari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza mateso na adhabu za kikatili kwa mtoto, na inasema marekebisho yoyote yanayozidi kiasi ukilinganisha na umri na hali ya mtoto hayana utetezi. Adhabu yake ni faini isiyozidi milioni tano, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote. Kwenye Kanuni ya Adhabu, shambulio la kudhuru mwili lina kifungo mpaka miaka mitano. Upande wa kazi, mkuu wa shule ndiye mamlaka ya nidhamu kwa makosa mepesi. Makosa mazito yanakwenda Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani. Hili lako si jepesi. Kwa hiyo swali lako la kufukuzwa nalijibu hivi: inawezekana, usaini au usisaini. Tofauti ni kile utakachokuwa umekibeba ukifika mbele yao. Mwalimu aliyezidisha, akasema, akamhudumia mtoto, ana cha kujitetea. Mwalimu aliyezidisha akakutwa na daftari la kutunga, sijui wakili wake ataanzia wapi.

Unakumbuka ya Mbeya, mwaka 2016? Walimu wa mazoezi katika shule moja ya sekondari walimpiga mwanafunzi ofisini, video ikasambaa nchi nzima. Waliopiga walichukuliwa hatua, na mkuu wa shule naye akavuliwa madaraka, kwa sababu jambo lilitokea shuleni kwake na hakulitolea taarifa. Mwalimu mkuu wako anaijua habari hiyo kuliko wewe. Daftari lile, nakwambia kwa upole kwa sababu umesema ni mtu mwema kwako, linamkinga yeye kwanza. Kanuni inamtwika yeye wajibu wa kuidhinisha na kuandika, na kwa muda wote huo hakuandika huku akisikia fimbo zikilia darasani kwako. Kukukopesha kodi ni wema wa kweli. Urudishe kama deni, usiulipe kwa saini.

Sitaki kukutisha na ya Bukoba ya 2018, ambako mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kuchapwa shuleni kwa tuhuma za kuiba pochi, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu adhabu ya kifo. Lako si hilo. Nalitaja tu kwa wale walimu wenzako wawili wanaokuambia usiwe mtoto.

Cha kufanya, kwa mpangilio ninaouona mimi.

Kabla ya kuandika chochote, nenda ofisi ya wilaya ya CWT, Chama cha Walimu Tanzania. Ile asilimia mbili inayokatwa kila mwezi, ambayo walimu tunailalamikia kwenye kila chai, ndiyo siku yake leo. Omba kuonana na mwanasheria wa chama. Mweleze saba, mweleze na vidole. Wengi huenda kwa wakili na hadithi iliyooshwa, wakili akajenga utetezi juu ya mchanga. Atakuambia nini useme polisi mambo yakifika huko na nini usubiri. Una haki ya kutojishtaki. Hilo ni jambo jingine kabisa na kuandika uongo, usiyachanganye.

Kisha mama. Usiende mwaloni mbele ya watu. Omba mtu anayemheshimu, shangazi wa mtoto au mwalimu wa kike wa makamo, akupeleke nyumbani, na usiende na bahasha. Jibu swali lake. Mwambie: hakukosa kitu cha kuchapwa, alikosa maswali ya Hisabati, mimi nikazidi. Usimwambie "na wewe unajua watoto wa siku hizi." Atakayoyasema, yasikilize mpaka mwisho. Akisema anakwenda polisi, mwambie ni haki yake. Najua hili ni gumu kulimeza. Lakini ukimbembeleza asiende, umerudi kwenye mpango wa mwalimu mkuu kwa mlango wa nyuma. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili ya watu kama yeye, na simu 116 ya mtoto ni bure. Anaweza kuwa anayajua haya tayari na anawatazama tu mtakavyofanya.

Kuna jambo la kadi ya hospitali. Aliandikisha kuwa mtoto kaanguka ili atibiwe haraka. Usilishangilie, na usije siku moja ukalitumia kama utetezi. Mama wa watu alidanganya kwa sababu mwanawe alikuwa analia kwa mkono ulioumiza wewe.

Pesa. Laki mbili za "yaishe" usitoe. Gharama za matibabu toa zote: picha, hogo, nauli za kwenda na kurudi kliniki, na siku ambazo mama hakwenda mwaloni. Lipa kwa risiti, au kwa simu ili ubaki ujumbe, na mwambie wazi kwamba pesa hii haimzuii kwenda popote. Ikija kufika mahakamani, kwa makosa ya aina fulani ya kati ya mtu na mtu mahakama yenyewe ina nafasi ya kupatanisha. Upatanisho unaofanyika mbele ya hakimu hauhitaji daftari la uongo.

Halafu barua. Mkishaelewana na mwanasheria juu ya maneno, mwandikie mwalimu mkuu taarifa fupi ya tukio: tarehe, darasa, nini kilitokea, mtoto aliumia, unaomba taarifa ifikishwe kwa Afisa Elimu Kata na kwa ustawi wa jamii. Usimtaje kwamba alikushawishi kusaini. Ukiulizwa baadaye na mwenye mamlaka, utasema kweli. Lakini barua ya kwanza isiwe ya kumchongea mtu aliyekupokea. Wapo watakaoniambia hapo nimekosea, kwamba ungemtaja mara moja. Huenda. Mimi naona apewe nafasi ya kufanya kazi yake akiwa na karatasi mkononi, na wengi wakishaikamata karatasi huikumbuka kazi yao. Asipoifikisha, nakala unaipeleka mwenyewe kata, na Sheria ya Mtoto haimzuii mtu yeyote kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa, inamtaka aripoti.

Mtoto akirudi shuleni atakuwa na hogo, na kama ni mkono anaoandikia, hawezi kuandika. Usimpe upendeleo wa kumtia aibu mbele ya wenzake. Mpe mtu wa kumwandikia, msahihishe kwa mdomo. Yale maswali saba mfundishe pamoja na wengine wote walioyakosa, maana hao nao wanakudai. Na fimbo iliyo juu ya kabati la darasa la sita iondoe Jumapili, kabla hawajaingia, usiifanyie hotuba.

Taarifa uiandike nakala mbili. Ya kwako igongwe mhuri wa kupokelewa. Akikataa kugonga, andika pembeni tarehe, saa na jina la uliyemkabidhi, kisha uipige picha ukiwa bado kwenye kibaraza cha ofisi.